Barua kwa mwanangu: mchezo na soga vinamsaidia nini kijana?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unasema kituo cha vijana kilicho jirani na kazini kwako kimekuomba ujitolee jioni mbili kwa wiki, na kwamba ulipokwenda kuchungulia ulikuta wengine wanacheza tenisi ya meza, wengine wamekaa tu wanapiga soga, na mlezi wao yumo katikati yao anacheka. Ukaniuliza: "Mama, hivi kweli mchezo na soga vinamsaidia nini kijana aliyeacha shule na ambaye kwao hakuna kitu?" Unajua kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, ndiyo maana umeniuliza mimi. Nitakujibu, ila usitarajie nikusifie tu. Kazi yenyewe ikifanywa ovyo inadhuru.

Mchezo ni kisingizio, mwanangu. Kijana aliyefukuzwa shule, akahojiwa na polisi, akaitwa ofisi ya ustawi wa jamii, amezoea watu wazima wanaotaka kitu kwake: ajibu, atie saini, aahidi kujirekebisha. Kituoni hakuna aliyemburuta. Anaingia akitaka na kuondoka akitaka, na akirudi kesho ujue amerudi kwa hiari yake. Nguvu yote ya kazi hii imo humo. Mazungumzo ya maana hayaanzi kwa "hebu kaa hapa tuzungumze". Huanza watu wakiwa wanatazama mpira, hakuna anayemkazia mwenzake macho, na neno linadondoka lenyewe kati ya pointi mbili.

Alikuwapo kijana mmoja aliyekuwa akija na kusimama mlangoni, mikono mfukoni, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Hachezi, haketi. Ukimsalimu anaitikia kwa kidevu. Tukamwacha. Siku moja neti ya meza ikakatika upande mmoja, nikawa nahangaika nayo. Akaja, akaichukua mkononi mwangu bila kusema neno, akachomoa kamba ya kiatu chake na kuifunga ikakaza sawasawa. Nikamwambia, "Kesho wahi, unisaidie kupanga vyombo." Akawahi. Baada ya muda nikamkabidhi ufunguo wa kabati la vifaa na daftari la kuandika nani kachukua nini. Hapo ndipo nilipoona kwamba haandiki, bali anachora: anayatazama majina kwenye orodha ya mahudhurio na kuyanakili herufi moja moja, ulimi kaung'ata pembeni. Shuleni walikuwa wamemwandika mtukutu. Kumbe darasani alikuwa akianzisha vurugu kila zamu yake ya kusoma ilipokaribia. Tukaanza na daftari lile lile kama kitabu cha kusomea, kisha tukamtafutia darasa la jioni. Sasa niambie, fomu gani ya tathmini ingelifichua hilo?

Usidhani haya ni maneno ya mama yako tu. Emmy Werner, mtaalamu wa saikolojia, aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakawa watu wazima. Katika wale waliolelewa kwenye dhiki nyingi kwa pamoja, yaani umaskini, ugomvi wa nyumbani na wazazi wagonjwa, karibu theluthi moja walikua wakawa watu wazima wanaojimudu vizuri. Miongoni mwa mambo waliyokuwa nayo ni uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali, na si lazima awe mzazi. Kituo cha vijana, ukikivua meza na mipira, ni mahali pa kumpatia kijana mtu huyo.

Kuna ushahidi wa upande wa pili pia, wa kinachotokea kituo kikifungwa. Huko London, kati ya mwaka 2010 na 2019, karibu asilimia 30 ya vituo vya vijana vilifungwa kwa kubana matumizi. Mtafiti Carmen Villa akalinganisha maeneo yaliyopoteza kituo na yale yaliyobaki nacho, akatoa matokeo mwaka 2024: matokeo ya mitihani yalishuka, hasa kwa watoto wa familia maskini, na uwezekano wa vijana kujiingiza katika uhalifu ukapanda kwa asilimia 14. Kwa hesabu zake, kila pauni moja iliyookolewa iliigharimu jamii karibu tatu. Mimi huwa nawasomea hesabu hiyo wale wanaosema vijana wanakuja kupoteza muda. Wapoteze wapi kwingine?

Sasa nije kwenye madhara, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Nchini Marekani walichunguza mpango mkubwa wa kumuunganisha kijana na mlezi wa kujitolea. Watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes waliandika mwaka 2002 kwamba waliodumu na mlezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi, ila wale ambao uhusiano ulikatika ndani ya miezi mitatu walitoka wakijithamini kidogo kuliko walivyoanza. Fikiria. Mtoto ambaye baba yake aliondoka bila kuaga, nawe ukaja na tabasamu lako, ukakaa majuma machache, ukapotea! Umemthibitishia kile alichokuwa akikishuku siku zote kuhusu nafsi yake. Kwa hiyo kama unajua kazini wanaweza kukuhamisha kabla ya mwaka kwisha, usikubali kukabidhiwa kijana mmoja mmoja. Shika kazi ya kundi, ya vifaa, ya mashindano, na uwaambie tangu siku ya kwanza utakuwapo hadi lini.

Dhara la pili linatokana na kuwarundika pamoja wakorofi watupu. Kulikuwa na mpango ulioitwa Cambridge-Somerville, ulioanza Massachusetts, Marekani, mwaka 1939, ambao uliwasaidia wavulana kwa miaka kadhaa, kwa ushauri, masomo ya ziada na kambi za likizo. Mtafiti Joan McCord alipowafuatilia miaka 30 baadaye, aliona waliosaidiwa wako katika hali mbaya kuliko wenzao wasiosaidiwa. Aliporudi kuzichambua takwimu, waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja ndio walioharibika zaidi. Maelezo aliyotoa naona yana mantiki kwa kila aliyewahi kukaa na wavulana: wakiwa peke yao husimuliana visa, na mwenye kisa kikali zaidi ndiye hushangiliwa. Kwa hiyo kituo kizuri huchanganya watu. Awepo wa shule na aliyeacha shule, mwimbaji wa kwaya na mkazi wa kijiweni, na mtu mzima awe anasikia kinachozungumzwa.

Halafu uliponieleza ulichokiona, hukutaja msichana hata mmoja. Hawakuwapo, au hukuwatazama? Mara nyingi hawapo kwa sababu meza imeshikwa na wavulana tangu mlango ulipofunguliwa, au kwa sababu jioni wanalea wadogo zao, au kurudi giza likiingia ni hatari. Mabango ya kuwaalika hayasaidii kitu. Panga saa zao, waruhusu waje na wale wadogo, wamalize mapema. Tulipofanya hivyo walikuja.

Kuhusu umaskini wenyewe, kituo hakiuondoi, na anayekuambia kinauondoa anatafuta mfadhili. Kinachoweza kufanya ni kumsindikiza kijana. Msichana anayetafuta cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe kwenye mafunzo anajua ofisi iko wapi, lakini amekwisha kwenda akafokewa dirishani, na hataki kufokewa tena. Nenda naye. Kaeni kwenye foleni, azungumze yeye mwenyewe, wewe simama pembeni. Karani akiona kuna mtu mzima nyuma yake, sauti hubadilika.

Na mipaka uijue kabla hujaanza. Usijifungie chumbani na kijana peke yenu, usimkopeshe fedha, usimpe namba yako ya simu bila kituo kujua. Akisema "nikuambie, ila uniahidi hutamwambia mtu", usiahidi. Mwambie kama maisha yake au ya mwingine yako hatarini itabidi utafute msaada, na utamweleza kwanza kabla ya kumwendea mtu. Wengi hukueleza hata baada ya kuambiwa hivyo. Ila usigeuke mpelelezi wa polisi wala wa mzazi. Siku hiyo hiyo habari itaenea na kituo kitabaki na meza tupu.

Kabla hujawajibu, waulize nani atakusimamia, nani utampigia jambo likikushinda, na yule mlezi anayecheka amekaa hapo muda gani. Akiwa na miaka ya kutosha, kaa karibu naye ujifunze. Ukikuta walezi wanabadilika kila baada ya miezi michache, uliza kwa nini. Nipigie Jumapili jioni uniambie walivyojibu.

Mama yako