Jibu: Alianguka na bodaboda, akaongea vizuri, usiku akafariki

Dada, pole sana kwa msiba. Umeeleza kwamba mdogo wako alianguka na bodaboda bila helmeti, akainuka, akala na kuongea nanyi, kisha usiku akafariki kwa damu iliyovujia kichwani. Unajilaumu kwa kumwacha alale. Usingizi haukumuua. Nimefanya uuguzi wa dharura, na hali hii huwadanganya hata wazoefu: fuvu likipasuka kwenye panja, mshipa wa damu unaweza kuchanika, damu ikajikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mtu anaongea kama kawaida kwa saa kadhaa, halafu ubongo unabanwa.

Ninayemhofia sasa ni yule abiria wake, uliyesema kichwa kinamuuma tangu siku ile na anajitibu kwa dawa za dukani. Mpelekeni leo kwenye hospitali yenye CT scan, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa. Ipo damu inayovuja taratibu, dalili zikaja baada ya siku au hata wiki. Aache aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hadi daktari aseme.

Akitapika, akisinzia ovyo, akichanganyikiwa, akipata degedege, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, ondokeni saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Kwa Dar, upasuaji wa ubongo unafanyika MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mtu mwingine aifuate polisi, mgonjwa asicheleweshwe kwa ajili ya karatasi.