Maswali yenu: lami, bomba na chemba

Masika yameingia Dar es Salaam na maswali yamejaa kuliko mitaro. Leo nimechukua matano.

"Mtaa wetu huku Tabata uliwekwa lami mwaka juzi, leo ni mashimo matupu. Mkandarasi kala hela?"

Huenda kala, mimi sikuwepo. Ila kabla hamjamkamata shati, angalieni mtaro. Lami ni koti la mvua. Anayebeba lori ni matabaka ya chini yake, kifusi kilichoshindiliwa na kokoto. Yakilowa yanalegea, tairi likipita linakamua tope kupitia kwenye ufa, na kila tairi linaondoka na mchanga kidogo. Siku moja chini panabaki uwazi, lami inadidimia, shimo hilo.

Ndiyo maana barabara hujengwa na mgongo: katikati juu, pembeni inashuka kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Mvua ikikatika tokeni mkatazame. Maji yakiwa yametuama katikati ya njia, mulizeni mjenzi. Yakiwa yamefika pembeni yakakwama kwa sababu mtaro umejaa mchanga na chupa za plastiki, hapo hata ninyi wenyewe mna la kujibu.

Halafu kuna malori. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito unaobebwa na ekseli (mtaimbo unaoshika magurudumu ya kushoto na kulia) ukiongezeka mara mbili, uharibifu haupandi mara mbili bali takriban mara 16. Kwa hiyo lori moja la mchanga lililojazwa kupita kiasi linaumiza njia ya mtaa kuliko bajaji zote za siku nzima. Mkiona barabara imeanza kuchakaa upande mmoja, ule ambao malori hupita yakiwa na mzigo, jibu mnalo.

"Maji yanatoka mara mbili kwa wiki, na mwanzoni yanakuja kama chai ya rangi. Siku nyingine yananuka. Dawa imezidi?" (Mama wa Mbagala)

Mama, harufu ya dawa isikutishe. Shirika la Afya Duniani linataka klorini, ndiyo hiyo dawa yenyewe, angalau miligramu 0.2 kwa lita ibaki hadi maji yanapofika kwa mtumiaji, maana ndiyo mlinzi wake njiani. Ya kuogopa ni harufu ya mtaro.

Maji mengi ya jiji hili yanatoka Mto Ruvu, na yanasafishwa kabla ya kuingia bombani. Shida iko safarini. Bomba likiwa na msukumo saa 24, penye tundu maji yanatoka nje. Msukumo ukikatika, tundu lile lile linageuka mdomo: linanyonya chochote kilicho jirani. Nenda kaangalie yale mabomba madogo ya kwenda majumbani yaliyolala ndani ya mtaro wa maji machafu, yameungwa kwa mpira wa baiskeli. Utaelewa harufu inatoka wapi. Kanuni ya kazi ni bomba la maji safi lipite juu kuliko la maji taka, na yakienda sambamba yaachane kama mita 3. Ile rangi ya chai mara nyingi ni kutu na mashapo yaliyotibuliwa maji yaliporudi kwa kishindo.

Kwa hiyo maji ya mwanzo yamwagie maua au deki nayo, kinga yakishatakata, na ya kunywa chemsha. Na kama kuna jirani aliyefunga pampu inayovuta moja kwa moja kutoka bombani badala ya kuvuta kwenye tangi lake, mwambieni aache. Anawanyima maji, na anazidi kuyavuta machafu yaingie.

"Tupo Upanga, tuna mfumo wa maji taka. Kila mvua kubwa chemba inafurika uani. Bomba dogo?"

Si lazima. Nani kaelekeza maji ya bati lake kwenye bomba hilo? Piga hesabu. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50 kwa saa: lita 5,000. Nyumba inayotumia lita 400 kwa siku ingehitaji siku 12 na nusu kutumia kiasi hicho. Bomba la maji taka lilipimwa kwa ajili ya choo, bafu na jiko, halikupimwa kwa ajili ya mawingu. Nyumba tano tu mtaani zikifanya hivyo, anayeoga mavi ni yule aliyejenga bondeni. Subirini siku ya mvua, fungueni chemba moja moja kuanzia juu, mtaona maji yanakoingilia.

"Fundi kaniwekea bomba la choo la inchi 4, mita 20 hadi kwenye chemba. Anasema mlalo 'upo tu'. Inatosha?"

"Upo tu" si kipimo, kaka. Kwa inchi 4 mteremko wa kawaida ni 1 kwa 40, yaani kwenye mita zako 20 upande wa chemba uwe chini kwa sentimita 50. Maji yanatakiwa kwenda kwa kasi ya kama mita 0.7 kwa sekunde ili yabebe uchafu. Yakienda pole yanauacha njiani. Chukua mpira mwangavu, ujaze maji, mmoja ashike huku na mwingine kule; maji ya ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, kwa hiyo pimeni kutoka hapo hadi kwenye bomba kila upande kabla hajafukia. Na panapopinda aweke chemba, asiweke kona kali ya kuzika.

"Yale mabwawa ya maji taka Vingunguti hayana hata mashine. Yanasafisha nini?"

Mashine ni jua na vijidudu. Kwenye bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito unatuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Linalofuata ni pana na lina mwani wa kijani unaotoa oksijeni mchana, bakteria wengine wanaitumia kumalizia kazi. Ya mwisho hayana kina, mwanga wa jua unaua vimelea. Ukiona bwawa la pili limeacha ukijani na kuwa jeusi, limeelemewa: ama magari ya kunyonya vyoo yanamwaga zaidi ya uwezo wake, ama tope halijatolewa muda mrefu.