Sukari haimpelekei mtu kitu

Mwalimu wa biolojia kutoka Morogoro anauliza lipi sahihi: DNA "hujirudia", "hujinakili" au "hujirudufu"? Ameambatisha mstari kutoka notisi zake: "Wingi wa sukari hupelekea DNA kujirudia, na hivyo kupelekea seli kugawanyika."

Swali lako jepesi, Mwalimu. Kinachojirudia ni kiitikio cha taarabu na kosa la mtoro. Hapa nyuzi mbili za DNA huachana, kila mmoja ukawa kiolezo cha uzi mpya. Sema hunakiliwa. Hiyo "ji" naivumilia tu, maana wanaotoka jasho ni vimeng'enya, protini zinazoifanya kazi hiyo. DNA yenyewe imetulia tuli.

Sasa hiyo "hupelekea", tena mara mbili katika mstari mmoja! Peleka ikitiwa kauli ya kutendea huwa pelekea, basi. Juma amempelekea shangazi uji: mbebaji yupo, mlaji yupo, bakuli lipo. Kwako wewe shangazi ni nani? Seli? Na uji u wapi? Nimezunguka na bakuli hilo mstari mzima nikitafuta wa kumpa, nimelirudisha jikoni likiwa limejaa.

Ningenyamaza kama ubaya ungeishia kwenye sarufi. Lakini neno hili linaficha biolojia yenyewe. Mchukue bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis. Chakula kikiwa tele, protini yake iitwayo UgtP hunasa zao la glukosi, ikaenda kukaa katikati ya seli na kukwamisha pete ya FtsZ, ile inayobana seli ikatike. Seli hurefuka zaidi kwanza, ndipo igawanyike. Sukari hapo imechelewesha! Kunakili DNA nako huanzishwa na protini nyingine, DnaA, ikiwa imeshikana na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Na matofali ya kujengea uzi mpya hutoka kwenye umetaboli, yaani namna seli inavyosaga na kutumia chakula. Yakipungua, kazi husuasua. Kuchelewesha, kuanzisha, kuwezesha: mambo matatu, nawe umeyatia gunia moja na kulifunga kamba ya "kupelekea".

Watangazaji wa "ajali iliyopelekea vifo" nimeshawasamehe, wanakimbizana na saa. Wewe una kipindi cha dakika 40. Bakteria Escherichia coli kwa muda kama huo hunakili DNA yake yote. Hushindwi kufuta neno moja ubaoni.