Maswali ya wasomaji: Risasi 200 kwa wiki, alama hazipandi

SWALI: Mhariri, salamu. Napiga bastola ya hewa ya mita 10 klabuni, mara mbili kwa wiki, risasi 100 kila siku. Miezi 3 sasa nimeganda kwenye alama 510 hivi kati ya 600. Natumia mkono wa kulia, na risasi nyingi zinaangukia chini kushoto. Bastola ni ya klabu, haitoki pale. Niongeze risasi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiongeze, punguza. Kwa anayetumia mkono wa kulia, chini kushoto mara nyingi maana yake ni moja: kidole cha shahada kinapovuta kifyatulio, vile vitatu vya chini navyo vinabana mpini. Kilengeo cha mbele, kile kijino cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, kinainama kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukipiga 100 hivyo, umeufundisha mkono kosa mara 100.

Piga hesabu uone ukubwa wake. Tuseme kutoka kilengeo cha nyuma, kile chenye pengo, hadi cha mbele ni sentimita 33. Kile cha mbele kikihama milimita 1 tu ndani ya pengo la nyuma, kwenye karatasi risasi inahama milimita 30 hivi. Duara moja la shabaha ya bastola lina upana wa milimita 8, kwa hiyo umepoteza karibu alama 4. Lakini mkono mzima ukiyumba milimita 5 huku vilengeo vimekaa sawa, risasi nayo inahama milimita 5, na kama ulikuwa katikati bado ni 10. Ndiyo maana kuyumba hakukuui. Kunakouwa ni kubana. Macho yakae kwenye kilengeo cha mbele, kionekane kikali hadi kingo zake, na shabaha iachwe iwe ukungu. Anayeikodolea shabaha ile nyeusi hawezi kukiona kilengeo kikiinama.

Klabuni, risasi 20 za kwanza zisiwe risasi. Bastola nyingi za mashindano zina swichi ya kufyatua bila hewa; muulize kocha. (Ya springi usiifyatue tupu, pistoni hujigonga mbele ikaharibika.) Hakikisha haina risasi, elekeza mtutu kwenye shabaha, kisha lenga karatasi nyeupe isiyo na alama yoyote. Vuta kifyatulio taratibu bila kusimama katikati, na baada ya mlio endelea kutazama kilengeo kwa sekunde 2. Kikicheza umebana. Ukipata 10 mfululizo kimetulia, hamia kwenye shabaha ya kawaida.

Halafu piga risasi 40, basi. Kabla ya kutazama ilipotua, andika daftarini unavyodhani imekwenda wapi. Tumia maneno, "chini kushoto", usitumie saa kutaja upande: saa saba yetu mshale uko kwenye moja, na kocha asiye Mswahili atasoma upande wa pili kabisa wa shabaha. Ulichoandika kikilingana na tundu, jicho lako linaona kosa na kilichobaki ni kidole. Kisipolingana, hukuwa ukitazama kilengeo. Na usikigeuze cha nyuma ili kufidia. Siku mkono ukitulia, risasi zote zitakwenda juu kulia.

Kosa jingine ni kung'ang'ania. Bastola ikishatulia, risasi itoke ndani ya sekunde 5 hadi 8. Zikipita 10, shusha mkono, pumua, anza upya. Mashindanoni una dakika 75 kwa risasi 60, yaani sekunde 75 kwa kila moja, kwa hiyo haraka ya nini? Wengi huona aibu kushusha mbele ya wenzao, nao ndio wanaopiga 6.

Nyumbani, kwa kuwa bastola haitoki, chukua chupa ya lita 1 iliyojaa maji. Ina kilo 1, uzito unaokaribia wa bastola yenyewe. Nyosha mkono sekunde 15, pumzika 40, mara 10, siku 5 kwa wiki. Bega likiuma kwa ndani, acha. Zoezi la kidole halihitaji kitu: shika mpini wa jembe au ufagio, vidole vitatu vibaki na nguvu ileile, cha shahada kiende na kurudi peke yake. Mwanzoni kile cha kati kitataka kukifuata. Hicho ndicho mwizi wa alama zako.

SWALI: Yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024 alipiga mkono mfukoni, bila vile vifaa vya machoni, lenzi na kizibo cha jicho. Je, havina kazi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Yusuf Dikeç alipata medali ya fedha ya timu mchanganyiko (mwanamume na mwanamke) pamoja na Şevval İlayda Tarhan, na ile ilikuwa Olimpiki yake ya 5, kwa hiyo usimwone kama mpita njia. Mkono mfukoni si madoido. Ukining'inia hupepea na kuuvuta mwili, kwa hiyo karibu kila mpigaji huutia mfukoni au hukichomeka kidole gumba kwenye mkanda. Kuhusu macho, yeye hulenga yote mawili yakiwa wazi. Ukiweza, fanya hivyo, maana kufumba moja huchosha uso. Ukiona kila kilengeo mara mbili, ziba jicho lisilolenga kwa kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, upana usizidi milimita 30. Cheusi hulitia giza jicho hilo, kiini chake kikapanuka, na kiini cha jicho linalolenga nacho hupanuka pamoja nacho.