Fidia ya Jeshi la Marekani na Mafao ya Ulemavu: Je, Moja Hukata Jingine?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu alijiunga na Jeshi la Marekani akiwa na kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia), akaumia mgongo na masikio. Alipotoka jeshini alifanya kazi ghalani kwa miaka kadhaa, hadi mgongo ulipomzuia kabisa kuinua mizigo. Anapokea fidia ya ulemavu ya asilimia 70 kutoka idara ya maveterani, VA. Wenzake wanamwonya kwamba akiomba na mafao ya Hifadhi ya Jamii ya huko, fidia hiyo itapunguzwa. Naye anataka kurudi nyumbani. Aombe au aache?
Dada Mkubwa, Ipagala, Dodoma

JIBU: Aombe, dada, tena asikawie. Fidia ya VA hulipwa kwa sababu ya jeraha au maradhi yaliyotokana na utumishi, bila kujali kipato cha mtu, wala haitozwi kodi ya mapato. Mafao ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii, yaani SSDI, ni bima aliyoichangia mwenyewe kwa makato ya mshahara, ukiwemo mshahara wa jeshi, ambao umekuwa ukikatwa tangu 1957. Mtu mwenye haki ya vyote viwili hupokea vyote kwa ukamilifu.

Nadhani wenzake wanaichanganya SSDI na SSI, ambayo ni msaada kwa wenye kipato kidogo sana na husimamiwa na ofisi hiyohiyo. Huko ndiko fidia ya VA huhesabiwa kuwa kipato, na SSI husimama mtu akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo. Haimhusu mtu anayefunga virago kuja Dodoma.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni muda. Kwa mtu aliyevuka umri wa miaka 31, kwa kawaida sharti awe amefanya kazi na kuchangia kwa takribani miaka 5 kati ya 10 iliyotangulia ulemavu, na hii ina maana kwamba bima hiyo huisha miaka ipatayo 5 baada ya kuacha kazi. Akichelewa, atalazimika kuthibitisha kwamba ulemavu ulimzuia kufanya kazi kabla ya tarehe hiyo. Asitegemee pia kwamba asilimia 70 itamfungulia mlango, kwani SSDI haina asilimia, na kwa maombi yaliyowasilishwa tangu Machi 27, 2017, uamuzi wa VA hauifungi Hifadhi ya Jamii. Hata hivyo, kumbukumbu za matibabu zilizo VA ni lazima zizingatiwe, kwa hiyo aziambatanishe zote.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini ningelianza nalo. Kwa kuwa jumla yake ni asilimia 70, ikiwa ulemavu wake mmoja peke yake umefikia angalau asilimia 40, naye hawezi kuendelea na kazi ya kumpatia riziki kwa sababu ya majeraha hayo ya jeshini, anaweza kuiomba VA imlipe kwa kiwango cha asilimia 100.

Akirudi, fidia ya VA itamfuata. VA pia ina mpango wa kugharimia matibabu ya nje ya Marekani kwa maradhi yaliyotokana na utumishi, hivyo akitibiwa mgongo katika Hospitali ya Benjamin Mkapa atunze risiti na ripoti ya daktari, kisha adai ndani ya miaka 2. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo huja baada ya miezi 24 ya SSDI, kwa kawaida hailipii matibabu ya huku.

SSDI ndiyo yenye mtihani. Raia wa Marekani huendelea kuipokea akiishi Tanzania, lakini asiye raia, akishakaa nje miezi 6 kamili, anaweza kusimamishiwa malipo asipoangukia katika mojawapo ya misamaha ya kisheria. Akichukua uraia wa Marekani atapoteza wa Tanzania, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Hilo mliamue kifamilia kabla hajakata tiketi.

Dai la VA aliandae na mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama cha maveterani, ambaye humsaidia bila malipo, na kwa SSDI wapo mawakili wanaolipwa kutokana na malimbikizo endapo tu dai litakubaliwa. Dalali yeyote anayetaka fedha mkononi kwanza, amkwepe.