Shaba na zinki kwenye tangi la matumbawe: fungua pampu kwanza

Pole sana ndugu uliyeuliza kuhusu tangi lako la maji ya chumvi. Konokono kulala chali, matumbawe kujikunja, halafu maabara iliyopima maji yako ikakuta shaba na zinki zote zimepanda: mimi ningeshuku kitu kinacholiwa na kutu ndani ya maji kabla ya kuilaumu chumvi unayochanganya kwenye maji.

Zima pampu moja baada ya nyingine, fungua, toa rota, yaani kile kipande chenye sumaku kinachozunguka ndani. Pitisha ukucha juu ya plastiki iliyofunika sumaku. Yangu ilionekana nzima kabisa, ila upande mmoja ulikuwa umevimba kidogo. Nilipobonyeza, likachuruzika tone la kahawia. Kagua pia sumaku ya kusugulia kioo na vibano vya mipira. Vibano vingi vinavyosifiwa kuwa havishiki kutu, kwenye maji ya chumvi vinashika.

Vyote vikiwa salama, pima sampuli tatu mbalimbali: maji ya kujazia (yasiyo na chumvi, ya kufidia yanayokauka), maji mapya yenye chumvi, na ya tangini. Shaba ikionekana kwenye ya kujazia, tazama koki za shaba njano na rezini iliyochoka kwenye kichujio chako cha maji. Na usidanganywe na kipima TDS (kifaa cha kupima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kinachosoma 0, maana shaba ya kudhuru konokono ni kidogo mno kwa kifaa hicho kuiona.

Kubadilisha maji chanzo kikiwa bado kimo ni kuteka maji kwa pakacha. Kitoe, kisha ndiyo ubadilishe maji na uweke kaboni na rezini ya kunasa metali. Mawe huweza kuachia shaba polepole, kwa hiyo pima tena baada ya wiki kadhaa.

Hizo pampu zina umri gani?