Sensa ya oksijeni: usiinunue kabla ya kuikagua ekzosi

SWALI: Gari langu la petroli linakula mafuta kupita kawaida, linatetemeka likiwa limesimama, na moshi unanuka petroli. Taa ya injini imewaka, kodi ya hitilafu ni P0171. Fundi anasema nibadilishe sensa ya oksijeni. Ndiyo dawa yake?

JIBU: Usiinunue kwanza. P0171 maana yake kompyuta ya injini imeongeza petroli hadi ukomo wake, na bado sensa inaonyesha hewa imezidi. Nawe unanusa petroli! Mambo haya mawili yanapingana, na hapo ndipo pa kuanzia.

Sensa haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ile ya kawaida ya zirkonia hutoa karibu volti 0.1 oksijeni ikiwa nyingi, na 0.9 ikiwa kidogo. Kompyuta hufuata volti hizo ili kilo 1 ya petroli ipate kilo 14.7 za hewa. Sasa manifodi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) ikipata ufa, au gasketi yake ikiungua, hewa ya nje hunyonywa na kuifikia sensa. Plagi ikimisi, yaani ikikosa kuwasha, oksijeni ya silinda ile hutoka bila kutumika. Kwa vyovyote sensa itasema hewa imezidi, na kompyuta itazidi kumwaga mafuta.

Washa injini ikiwa baridi, usikilize mlio wa tiki-tiki kwenye manifodi, utafute na masizi meusi kwenye maungio. Kisha fungua plagi. Zote zikiwa nyeusi kwa masizi, petroli imezidi kweli. Moja tu ikiwa imelowa, shughulikia silinda hiyo.

Hapo ndipo uipime sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya katalisti (kifaa cha kusafisha moshi), injini ikiwa imeshapata moto. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, volti zipande na kushuka kupita 0.45 mara kadhaa ndani ya sekunde 10. Kanyaga mafuta ghafla: zivuke 0.8. Achia: zishuke chini ya 0.2. Ikifanya hivyo ni nzima, iache. (Magari mengi mapya yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, ambayo haifuati volti hizi, isome kwa mashine ya kodi.)

Ikiwa imekufa kweli, ifungue kwa spana ya milimita 22 injini ikiwa vuguvugu. Grisi ya kuzuia kuganda ipake kwenye nyuzi pekee, isiguse ncha. Waya usizikate wala kuziunga kwa risasi: baadhi ya sensa hupata hewa ya kulinganishia kupitia humo.

SWALI: Naweza kuiosha kwa petroli?

JIBU: Hapana. Masizi huungua yenyewe mchanganyiko ukirekebishwa. Sumu ya silikoni, ya maji ya rejeta au ya petroli yenye risasi haioshiki. Sensa hiyo badilisha, lakini ziba kwanza uvujaji ulioiua.